Nikupande Wapi?

Siku Mratibu alipomwambia kwamba angeigiza mti, Mfalme alidhani masikio yake yameanza kumsaliti. Alikuwa ameketi katika ofisi ya mradi, kwenye kiti cha plastiki kilichovunjika mkono mmoja, feni ikimpulizia harufu ya wino na chai iliyopoa. Akasogeza kiti mbele.

"Yaani nisimame karibu na mti?"

"Hapana, baba. Wewe ndiye mti wenyewe. Mlonge." Mratibu alikuwa binti mdogo, simu mbili mezani, na alizungumza kwa upole wa mtu anayemweleza mgonjwa namna ya kumeza kidonge. "Utavaa majani. Utasema faida zako. Utapiamlo atakuja kumkamata mtoto, wewe utamfukuza, halafu tunagawa miche. Basi."

"Na mazungumzo yangu na huyo Utapiamlo ni marefu?"

"Unasema, 'Toka, adui!' Yeye anatoka."

Mfalme akachukua karatasi za mchezo, akasoma mistari ya kwanza. Mimi ni Mlonge, mti wa ajabu, nikiwa uani huna taabu. Akafumba macho kama mtu aliyeguswa jino bovu.

"Nani kaandika hii?"

"Kamati."

"Inaonekana," akasema. "Mtu mmoja hawezi kuharibu kiasi hiki peke yake."

Jina lake la kuzaliwa lilikumbukwa na wachache. Aliitwa Mfalme kwa sababu ujanani aliigiza mfalme kwenye ukumbi wa mji, katika tamthilia iliyojaza viti hata watu wakakaa kwenye ngazi. Alipopita barabarani wauza mboga walimwinamia kwa mzaha, naye aliwaitikia bila mzaha. Siku hizi ukumbi ule ulikuwa ghala la magodoro. Mfalme akawa mshereheshaji wa harusi, akatia sauti kwenye matangazo ya sabuni, akafundisha watoto wa shule kuimba mbele ya wageni. Vitu vingi alikuwa ameviacha njiani, lakini kudharau alikuwa hajaacha. Aliwadharau waigizaji wa televisheni wanaopiga kelele badala ya kuigiza. Aliwadharau maharusi. Aliwadharau zaidi watazamaji, ambao siku moja waliamka wakaona ukumbi umejazwa magodoro na hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Angekataa kazi ya mti. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini mkewe alikuwa fundi cherehani, na mradi ulikuwa umeshampa yeye kazi ya kushona vazi. Mfalme alipofika nyumbani alikuta kitambaa cha kijani kimetandazwa kitanda kizima, mkewe ameinama na chaki mkononi, anachora majani ya kukata.

"Nimecheza mfalme mimi, mama watoto."

"Ulicheza mfalme kabla hata hatujazaa. Inua mkono nikupime kwapa."

"Watu watanicheka."

"Watacheka mti. Wewe utakuwa ndani, nani atakuona?" Akakata uzi kwa meno, akajitahidi kukaza uso, akashindwa. Alicheka mpaka ikabidi akae chini juu ya matawi ya mumewe.

Basi wakaanza kuzunguka mitaani. Gari la mradi lilibeba spika, miche ndani ya mifuko myeusi, Mfalme na vazi lake, na mwigizaji mwenzake aliyeitwa Kijiti, mtu mwembamba kama ufito, aliyepewa nafasi ya Utapiamlo. Kijiti alijipaka chaki mbavuni, akajitia masizi machoni, na alipotokea akinyata nyuma ya gari, watoto walipiga mayowe ya furaha. Walimshangilia kama mfungaji wa mabao. Walimfuata, wakaiga mwendo wake, wakataka kumgusa. Mti ulipopaza sauti, "Toka, adui!" watoto walizomea mti.

"Wananipenda," Kijiti alisema, akijifuta masizi kwa kitambaa.

"Wanampenda Utapiamlo. Ndiyo maana hawaachani naye," Mfalme akajibu kutoka ndani ya shina. Vazi lilikuwa na tundu moja la uso na lilimchoma kama gunia la mkaa.

Kila walikopita waligawa miche, na kila waliporudi Mfalme aliiona ilivyoishia. Mingine ilikuwa bado ndani ya mifuko yake, imekauka, imepangwa juu ya mabati kana kwamba imepandishwa huko ijifie kwa amani. Mwingine ulikuwa umetiwa kwenye kopo mlangoni, majani mawili, mbuzi kashapita. Mfalme alivitazama vyote hivyo akiwa amekaa mbele ya gari, kiwiko dirishani, na moyo wake uliridhika kwa namna isiyo nzuri. Ndicho alichokuwa akisema siku zote. Watu unawapa kitu, hawajui hata pa kukishikia.

"Mtoto kavimba miguu, dawa iko kwenye kopo, inaliwa na mbuzi," alisema. "Mimi nawapigia kelele hawa ili iweje?"

"Ndiyo maana nasema kila ujumbe turudie mara tatu," Mratibu alidakia kutoka kiti cha nyuma, kidole kwenye simu. "Hawa watu hawashiki haraka."

Mfalme akatikisa kichwa kukubali. Ilikuwa mara ya kwanza yeye na ofisi kukubaliana, na haikumshtua kama ilivyopaswa kumshtua.

Siku ya onyesho kubwa walipelekwa kwenye mtaa wa vyumba vya kupanga, mahali walipokuwa wamewahi kugawa miche kabla ya mvua. Vyumba vilitazamana safu mbili, mlango kwa mlango, katikati kukiwa na mfereji wa maji ya sabuni na kamba za nguo. Sakafu ya nje ilikuwa saruji tupu, kutoka ukuta hadi ukuta. Upande mmoja walikuwa wamefunga turubai, na chini yake viti vya wageni vilivyovishwa vitambaa vyeupe, maji ya chupa, na vikasha vya vitafunwa vilivyofungwa utepe. Watu wa mtaa walisimama juani.

Mgeni rasmi alikuwa mwenye vyumba vile, pamoja na vingine vingi nyuma yake. Watu walimwita Tofali, kwa kuwa hakuweza kuona nafasi tupu bila kuiwekea tofali. Alikuwa mnene, mchangamfu, amevaa kofia ya mradi yenye picha ya jani, na mara mbili kabla ya mchezo kuanza alisimama kuwapungia mkono wapangaji wake, ambao walimtazama tu. Katika hotuba yake alisema kwamba afya ya mtoto ni jukumu la mama, na kwamba akina mama wa siku hizi wamekuwa wavivu, mboga ziko mlangoni wao wanafungua pakiti za biskuti. Mratibu alipiga makofi. Mfalme, ndani ya shina, alikuwa akijifunga kamba za kiunoni na kuwaza kwamba mtu huyu hajui kushika kipaza sauti.

Mchezo ukaanza. Kijiti akanyata, watoto wakashangilia. Mti ukatokea, ukajieleza: majani yangu yana hiki, mbegu zangu zina kile, nikaushe, nitwange, nitie kwenye uji. Mfalme aliimwaga mistari ile bila kuitafuna. Alikuwa amerudi kwenye "uani huna taabu" mwanamke mmoja alipotoka kwenye kundi, akavuka kamba ya watazamaji, akaja kusimama mbele yake.

Alikuwa mfua nguo, mikono yake imekunjamana kwa sabuni, gauni limelowa tumboni. Mtoto aliyembeba kiunoni alikuwa mkubwa wa kutembea lakini hatembei. Nyayo zimevimba zinang'aa, nywele nyekundu nyepesi kama nyuzi za muhindi. Mtoto yule hakulia wala hakumshangaa mti. Alitazama tu.

"Wewe mti," mwanamke akasema, "ngoja kwanza. Nikuulize. Nikupande wapi?"

Watu wakacheka. Katika karatasi za kamati hakukuwa na jibu. Hasira ya mtu aliyekatizwa mstari ikampanda Mfalme, hata kama mstari wenyewe alikuwa anauchukia.

"Chini, mama," akasema kwa ile sauti iliyofika zamani mpaka viti vya nyuma. "Ardhini. Hata mjinga anajua mti haupandwi kichwani."

Kicheko kilikuwa kikubwa. Chini ya turubai Tofali alijipiga paja. Mratibu aliinua kidole gumba. Mfalme akangoja mwanamke ainamishe uso arudi alikotoka, kama wafanyavyo wanaovamia jukwaa. Mwanamke hakurudi. Alimhamishia mtoto upande wa pili wa kiuno, akangoja kicheko kiishe chenyewe.

"Ardhi ya nani?" akauliza.

Hakuna aliyecheka.

"Mche wenu nilipanda. Msidhani sikupanda. Niliupanda kule nyuma, pembeni mwa choo, palikuwa na udongo kidogo. Nikaumwagilia maji ya kusuuzia, yasiyo na sabuni. Ukanifika hapa." Akagusa kiuno, chini ya mguu wa mtoto. "Mwenye nyumba akaung'oa. Akamwaga saruji, akajenga chumba kingine. Nikachukua mwingine nikautia kwenye ndoo, akasema ndoo inaziba njia. Wenzangu wameweka yao juu ya bati, imekauka. Sasa nakuuliza wewe unayejisifu, na si kwamba nakutania. Nikupande wapi? Mwenye nyumba mwenyewe huyo hapo, kavaa kofia yako, anakunywa maji."

Vichwa vyote viligeuka. Tofali alikuwa na chupa mdomoni. Aliishusha taratibu.

Ukimya uliotanda pale Mfalme aliujua. Alikuwa hajausikia tangu enzi za ukumbi, ukimya ule ambao watu wamesahau kukohoa, na hapo zamani yeye ndiye aliyekuwa akiuleta. Sasa ulikuwa umeletwa na mwanamke mwenye gauni lililolowa, bila mavazi, bila spika, kwa maneno ambayo hakuna kamati iliyoyagusa. Kitu cha kwanza alichohisi Mfalme kilikuwa wivu. Cha pili kilimjia polepole na kilikuwa kibaya zaidi: alikuwa amewatukana watu hawa mtaa hadi mtaa, kiwiko dirishani, na wakati wote ule macho yake yalikuwa yakiona saruji.

Pembeni Mratibu alikuwa akizungusha mkono hewani: wimbo, wimbo, wekeni wimbo! Kijana wa spika hakumwona, naye alikuwa anamtazama Tofali.

Mfalme akageuka. Kugeuka ndani ya vazi lile ilikuwa kazi, majani yakachakacha pande zote, na pengine ndiyo maana ilionekana ya kutisha, mti mzima kujizungusha na kuanza kutembea kuelekea kwenye turubai. Alisimama mbele ya mgeni rasmi. Dharau yote aliyokuwa ameisambaza kwa miaka mingi, akiwagawia maharusi, watazamaji na magodoro, akaikusanya mahali pamoja.

"Kumbe wewe ndiye uliyening'oa," akasema.

"Huu ni mchezo," Tofali akasema, akicheka kwa upande mmoja wa mdomo, akitafuta macho ya Mratibu. "Mchezo mzuri sana. Endeleeni."

"Umeketi kwenye kiti. Mimi nahitaji nafasi ndogo kuliko hicho kiti. Umezungumza hapa kuhusu akina mama wavivu. Mvivu kapanda, mchapakazi kang'oa. Umevaa jani langu kichwani, bwana mkubwa. Lilikuwa linakutosha hapo, au ulitaka na mizizi?"

Mtu mmoja nyuma akapiga kigelegele. Kisha wengine.

"Lilikuwa suala la... kulikuwa na bomba linapita," Tofali akasema. Shingo ilikuwa imeloa. "Mimi sina ugomvi na miti. Mimi napenda miti."

"Unaipenda wapi?" Mfalme akauliza. "Taja mahali."

"Kule... kwenye ukuta wa nyuma. Kuna ukanda kule, nje ya ukuta. Wapande huko. Nani amewakataza? Wapande!"

"Mmesikia?" Mfalme akawageukia watu. "Kasema nje ya ukuta wa nyuma. Au mnataka arudie mara tatu?"

Alifukuzwa kazi kabla hajamaliza kuvua majani. Mratibu alimvuta nyuma ya gari. "Umemwaibisha mgeni rasmi. Ametupa turubai bure! Unajua nitaandika nini kwenye ripoti?"

"Andika mti ulisema ukweli. Hawatakuamini, lakini andika."

"Vua hilo vazi."

"Hilo ndilo neno zuri la kwanza kutoka kwa kamati," Mfalme akasema, akavua, akaondoka kwa miguu na fulana iliyoloa jasho.

Wapangaji hawakungoja Tofali abadili mawazo. Jua halijazama walikuwa nyuma ya ukuta na majembe ya kuazima. Hawakutumia hata miche. Fundi baiskeli mmoja alijua mlonge mkubwa karibu na karakana yake, wakakata matawi, wakayachomeka ardhini moja baada ya jingine, yamebanana kama meno. Kila chumba kilijua tawi lake. Tofali alipokuja kuangalia, akakuta ukanda mzima umejaa vijiti na wanawake wamesimama mbele yake mikono kiunoni. Akanung'unika kuhusu mipaka. Akaondoka. Mvua ikanyesha, vijiti vikatoa macho, vikawa uzio, na Tofali alipogundua kwamba amepata uzio bila kuununua, akaanza kuwaleta watu kuuonyesha. Muda si mrefu mabango ya mradi yalibandikwa mjini. Juu yake Tofali, kofia kichwani, ameshika tawi kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika mkia wa panya. Balozi wa Mlonge, iliandikwa. Mkewe Mfalme alileta nyumbani habari za bango lile huku anafuta machozi ya kicheko. Mfalme hakucheka. Alisonya kwa urefu uliomtia mkewe wasiwasi.

Siku moja akiwa barazani, mfua nguo akaja. Alisalimia, akakataa kiti, akamtazama Mfalme moja kwa moja.

"Siku ile ulinitukana mbele za watu."

"Nilikutukana," Mfalme akasema.

"Ndiyo. Na hukumaliza maneno yako. Ulisema tu ukaushwe, nikakukatiza kabla hujaeleza namna. Tumekausha sisi, majani yamekuwa kama karatasi, yamepauka, hayana hata harufu. Nimalizie."

Mkewe aliacha cherehani ili asikie vizuri. Mfalme akakohoa, akaanza mstari wa kamati, nikaushe kwa upole, nisije nikapata doa, akashindwa kuendelea mbele ya uso ule. Akanyanyuka, akavaa viatu, akamfuata.

Alichokikuta kilimpandisha mori. Majani yalikuwa yametandazwa juu ya mabati, saa sita, jua linawaka.

"Juani! Nani kawaambia juani? Mmeyachoma! Hata karatasi za kamati zinasema kivulini, ndani, juu ya kitambaa safi, mkiyageuza! Na yaoshwe kwanza, si mnaona vumbi? Yakikauka yabaki kijani, mtwange, mchekeche, mfunge kwenye kopo lenye kifuniko. Kijiko kwenye uji ukishaepuliwa, siyo unachemka. Mnanielewa au nyinyi ni viziwi?"

"Tunakuelewa, mti," mwanamke mmoja akajibu, na wote wakacheka, na safari hii Mfalme hakujua afanye nini na uso wake.

Akawa anakwenda. Hakuna aliyemtuma. Alifoka, alikosoa, aliwaambia wanatwanga kama wanaoua nyoka. Mtoto wa mfua nguo alikuwa ameshapelekwa zahanati. Muuguzi alimzungushia mkononi utepe wa rangi wa kupimia unene wa mkono, ukaangukia kwenye nyekundu, rangi ya hatari, akampa chakula cha tiba cha kwenye pakiti, akamwambia mama wazi kwamba majani hayatamtoa mtoto huko njaa ilikomfikisha, ila yatasaidia asirudi, yakiwa na dagaa, maharage na yai likipatikana. Miguu ikanywea. Utepe ukaja kwenye njano. Mtoto akaanza kulia kwa sauti, kulia kwa kudai, na mama yake aliwaambia majirani habari hiyo kama anayetangaza harusi.

Asubuhi moja Mfalme alifika akakuta uji umeiva. Mfua nguo alikuwa anasuuza mashuka, akamwonyesha kwa kidevu. "Jimiminie. Na mwenzako huyo mmiminie."

Mfalme akaketi kizingitini, mtoto pembeni yake, amesimama kwa kushikilia mlango. Akanywa funda moja. Uso wote ukakunjamana. Ilikuwa ladha ya nyasi zilizopikwa na mtu mwenye hasira.

"Hiki kitu kibaya," akasema.

"Kibaya sana," mfua nguo akakubali, akikamua shuka. "Ulikuwa hujaonja? Na kelele zote zile?"

Mfalme akachungulia ndani ya kikombe. Mtoto alikuwa ameshamaliza cha kwake, mdomo umezungukwa na kijani, na sasa alikuwa ananyoosha mkono kuelekea kikombe cha Mfalme. Mfalme akakirudisha nyuma. Akamtazama kwa jicho lile alilowatunzia maadui zake jukwaani, nyusi juu, pua imepanuka. Mtoto akacheka, akaachia mlango, akapiga hatua moja ya kuyumba, akakinyakua.